Hisia Hazijitoshelezi

Mwalimu wa ushauri nasaha alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na vitu viwili: mafua na Daftari la Msongo. Mafua yaliisha ndani ya wiki moja. Daftari likabaki na watoto wa watu.

Semina hiyo ilikuwa imegundua kwamba watoto wa siku hizi wana msongo wa mawazo. Ilikuwa imegundua pia kwamba msongo huo unatokana na wingi wa kazi za nyumbani, zile wanazobebeshwa shuleni wakazifanyie kwao. Mtu mwenye akili za kawaida angesikia hayo akasema basi, tupunguze kazi. Lakini mwalimu wetu alikuwa amesoma mpaka akazipita akili za kawaida. Alisimama mbele ya darasa la sita, pua nyekundu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo, juu ya hesabu, sayansi, jiografia, historia na lugha mbili, kila mtoto atakuwa na kazi moja zaidi ya kufanya nyumbani: kuandika msongo wake.

Masharti yalisomwa kwa sauti. Ukurasa mmoja kila siku. Juu ya ukurasa, namba: moja ukiwa mtulivu kabisa, kumi ukiwa hoi. Chini yake, mistari kumi na mitano ya kueleza hisia, kwa mwandiko unaosomeka. Mzazi atie saini. Kila Ijumaa madaftari yatasahihishwa na namba zitapigiwa wastani. Darasa likipita tatu, litanyimwa saa ya mapumziko kwa wiki nzima ili lipate muda wa kufundishwa namna ya kupumzika. Na mwisho wa muhula, kurasa za siku ya mwisho zitajumlishwa, na darasa lenye wastani mdogo kuliko mengine litapewa Kombe la Utulivu.

"Kuna swali?" aliuliza mwalimu, akapenga kamasi.

Hakukuwa na swali. Watoto wa darasa la sita walishajua siku nyingi kwamba ukiuliza swali unaongezewa kazi.

Miongoni mwao alikuwepo binti wa miaka kumi na miwili ambaye nyumbani kwao aliitwa Profesa. Jina alipewa na baba yake kwa mapenzi tu, alipokuwa na miaka minne, siku aliyovaa miwani ya bibi yake na kujifanya anasoma pakiti ya chumvi aliyoishika juu chini. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Mama aliichukua ile kama ahadi, na tangu siku hiyo akawa anaidai.

Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Kiwanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani ya miguu karibu na dirisha, pasi nzito kwenye tofali, kikopo cha pini, na vipande vya kitambaa vilivyojaa kila pembe. Muhula ule alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote, vizibao arobaini vya wahudumu wa hoteli, vyenye mifuko miwili na vifungo vitano kila kimoja. Alishona tangu asubuhi akiwa na pini mdomoni, na kwa kuwa pini hazikumzuia kusema, alisema pia. Alisema juu ya wateja, juu ya meneja wa hoteli, na zaidi ya yote alisema juu ya masomo ya Profesa, ambaye dawati lake lilikuwa meza ya kukatia, upande ule uliobaki wazi baada ya vizibao kuchukua nafasi yao.

Siku ya kwanza ya daftari, ambayo ilikuwa Alhamisi, Profesa alimaliza hesabu ishirini na ramani ya mito, kisha akafungua ukurasa mpya. Hakufikiri sana. Aliandika kwa penseli: *Tisa. Tumbo linauma. Linauma nikikumbuka kazi. Nikimaliza kazi linauma nikikumbuka za kesho.* Akaweka kitone, akampelekea mama atie saini. Mama alitia saini bila kusoma kwa sababu alikuwa anageuza kola.

Ijumaa daftari lilirudi na wino mwekundu. *Nne kwa kumi*, mwalimu alikuwa ameandika. *Hisia hazijitoshelezi. Mistari mitatu badala ya kumi na mitano. Rudia.*

Mama aliitema pini.

"Nne?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nini?"

"Ya hisia."

"Yaani mtoto niliyembeba mwenyewe tumboni, nikamnyonyesha mwenyewe, leo anapata nne ya hisia! Hesabu unapata tisa, sayansi unapata tisa, hisia ambazo ziko mwilini mwako, huhitaji hata kitabu, unapata nne?"

"Niliandika ninavyohisi."

"Umeandika tumbo. Nani kakuuliza habari za tumbo? Tumbo ni tumbo, kila mtu analo. Umeulizwa hisia." Mama akasoma tena, safari hii kwa sauti, na kila aliposoma neno tumbo aliliongezea uzito kama anataja jina la mtu mwenye deni. "Halafu tisa! Unataka watu waseme nini? Kwamba nyumbani kwangu mtoto anateswa?"

Mkono wa kushoto wa Profesa ulikuwa nyuma ya sikio, vidole vikichezea nywele. Mama aliuona mkono huo, akamwambia auache, akachukua kifutio.

Alifuta vizuri sana. Mtu aliyezoea kutoa alama za chaki kwenye kitambaa cha mteja bila kuacha doa hashindwi na penseli. Tisa ikatoka. Tumbo likatoka. Mama akapuliza vumbi, akaichonga penseli kwa wembe wa kufumulia nyuzi, akaandika mbili, kisha akaendelea kwa mwandiko wa kitoto alioukunjakunja makusudi: *Leo nilihisi wasiwasi mdogo kuhusu hesabu za sehemu, lakini nilivuta pumzi ndefu, nikatazama nje, nikakumbuka kwamba juhudi ni silaha yangu. Wasiwasi ukaniaga taratibu.*

Ijumaa iliyofuata: *Tisa kwa kumi. Hisia zimekomaa. Hongera!*

Hapo ndipo mama alipovimba kichwa. Katika maisha yake yote ya shule, ambayo yalikatika mapema kuliko alivyotaka, hakuwahi kuandikiwa hongera na mwalimu. Sasa aliandikiwa kila wiki. Akawa anatunga hisia huku anakanyaga cherehani. Mteja anaeleza anataka mikono mifupi, mama macho yako dirishani, midomo inachezacheza, anatafuta namna mpya ya wasiwasi kuondoka. Uliwahi kuaga, uliwahi kuyeyuka, uliwahi kupeperuka. Siku moja ulikunja jamvi lake ukaenda zake, na mwalimu alipigia mstari sentensi hiyo akaandika pembeni, *Tamu!* Mteja wa mikono mifupi alipewa gauni lenye mikono mirefu.

Na msidhani alikuwa peke yake katika ujinga huu. Wazazi wa darasa la sita walikuwa na kundi lao kwenye simu, na humo kila jioni palikuwa na gwaride.

"Wangu leo ana mbili," aliandika mmoja.

"Wangu mbili kasoro," akajibu mwingine.

"Wangu wote wawili wana moja na nusu, tunashukuru," aliandika Mama Pacha, ambaye alijaliwa kuwashinda wenzake mara mbili mbili katika kila jambo.

Mama wa Profesa alisoma hiyo moja na nusu, akahisi damu inamchemka. Siku iliyofuata Profesa alikuwa na moja.

Mtu pekee nyumbani mle aliyeona kitu alikuwa baba. Baba alikuwa mwokaji. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akiondoka kabla ya alfajiri, akirudi mchana amejaa unga hadi kwenye kope. Kila siku alimwachia Profesa andazi la kwenda nalo shule. Na mtu anayeoka mwenyewe huwa anajua andazi lake limefika wapi.

"Mbona linarudi?" alimuuliza mama siku moja, ameshika mfuko wa shule kwa mkono mmoja na andazi lililokauka kwa mkono mwingine. "La juzi limerudi. La jana limerudi. Mtoto hali huyu."

"Anakula. Wewe unalala mchana, utaona nini?"

"Anakula saa ngapi?"

"Mume wangu," alisema mama kwa upole ule ambao wanaume wenye akili huuogopa, "nina vizibao kumi na tisa havina vifungo, na nina ukurasa wa leo sijauandika. Mtoto ana moja kwa kumi ya msongo. Moja! Shule nzima hakuna mtulivu kama huyu. Nenda kalale."

Baba akaenda kulala. Tusimlaumu sana, alikuwa amesimama tangu saa nane za usiku. Lakini tumlaumu kidogo.

Profesa naye aliendelea. Alifanya hesabu, akachora mitambo ya maji, akakariri majina ya wafalme waliokufa. Chakula cha jioni alikizungusha kwenye sahani mpaka kikaonekana kimepungua. Asubuhi alikaa chooni muda mrefu, mama akapiga mlango akimwambia awahi. Na kila alipofika mahali pagumu kwenye hesabu, mkono wa kushoto ulipanda nyuma ya sikio. Karibu yake, juu ya rundo la vizibao, mama yake alikuwa anamwandikia utulivu.

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, habari ilifika kwa barua yenye muhuri. Darasa la sita lilikuwa linaongoza kwa wastani wa moja nukta nne. Darasa la tano lilikuwa nyuma yao kidogo tu, moja nukta tano. Siku ya kufunga, mbele ya wazazi wote na mkaguzi wa elimu, mwanafunzi mwenye hisia bora kuliko wote atasoma ukurasa wake mmoja. Mwanafunzi huyo ni binti yako.

Mama aliisoma barua mara tatu. Kisha akaisoma kwenye kundi la simu, kwa sauti yake mwenyewe, dakika mbili na nusu. Mama Pacha alijibu kwa kidole gumba kimoja, yeye ambaye siku zote alikuwa na viwili vya kila kitu.

Sare mpya ilikuwa lazima. Mama alisukuma vizibao kando, akatoa kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka, na siku moja kabla ya sherehe, Profesa aliporudi kutoka shule mchana, akamsimamisha juu ya kiti ampime.

"Nyoosha mgongo. Usivute tumbo."

"Sivuti, mama."

"Unavuta. Achia."

"Nimeachia."

Mama akazungusha tepu kiunoni. Inchi ishirini na moja na nusu. Akaachia, akazungusha tena. Ishirini na moja na nusu. Akafungua daftari lake la vipimo, lile la kazi, ambalo ndani yake hakuwahi kumdanganya mteja hata kwa nusu inchi. Mwanzoni mwa muhula, kiuno cha Profesa kilikuwa ishirini na nne.

Kwanza alishuku tepu. Tepu ya kitambaa ikichakaa huvutika, na ikivutika inapunja namba. Akailaza juu ya fimbo ya mbao ya mita moja anayoitumia kukatia. Ililingana barabara. Akapima kifua: kimepungua. Akapima mkono wa juu, na hapo vidole vyake vilipogusana vyenyewe kuzunguka ule mkono, akasahau kutazama namba.

Sasa akapima shingo kwa ajili ya kola. Akainua nywele za mtoto kwa nyuma, kama anavyofanya kwa kila mteja mwenye nywele, na nyuma ya sikio la kushoto akaona upara. Ulikuwa mdogo, wa duara, ukubwa wa kifungo cha koti, ngozi tupu inayong'aa.

"Nani kakunyoa hapa?"

"Hakuna."

"Nywele zimekwenda wapi?"

"Nazing'oa," alisema Profesa, bado amesimama juu ya kiti, mikono imetanuka pembeni kama alivyoambiwa. "Nikifanya kazi. Sijui saa ngapi nazing'oa. Nikimaliza nazikuta kwenye vidole."

"Na tumbo?"

"Linauma."

"Tangu lini?"

"Tangu ile tisa."

"Tisa gani?"

"Ile uliyoifuta."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya, mama angepata pa kushika. Angemwambia nani kakufundisha kunijibu hivyo, na mambo yangerudi yalivyokuwa. Mtoto alimjibu tu, kama anavyojibu swali la historia.

Mama alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alianza na mwalimu na semina yake, akaenda kwa Mama Pacha, akapita kwa baba aliyekuwa anakoroma chumba cha pili. Mwisho akachukua Daftari la Msongo mezani, akalifungua. Kurasa hamsini na kitu. Mistari kumi na mitano kila ukurasa. Hakukuwa na neno hata moja la mtoto. Aliona aibu iliyomfanya akae sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa. Kila siku alikuwa amepima viuno vya watu asiowajua, na huyu wa kwake akawa anampima kwa kubuni.

"Shuka," alisema. "Kaa hapa. Chukua penseli. Ukurasa wa leo andika mwenyewe, na uandike ukweli."

Profesa alishuka lakini hakuchukua penseli.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Tuko arobaini. Nikiandika tisa badala ya moja, zinaongezeka nane. Nane gawanya kwa arobaini ni nukta mbili. Tutakuwa moja nukta sita." Alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo siku nyingi, ilionekana. "Darasa la tano wana moja nukta tano. Watachukua kombe. Wenzangu watajua ni mimi."

"Una hakika wenzako wote ni watulivu?"

"Sijui. Hatuulizani. Tukiulizana tunasema mbili."

Mama akamtazama. Akataka kusema kitu cha busara, akakumbuka kwamba busara zake zote za muhula huu zilikuwa kwenye lile daftari, zimepewa tisa kwa kumi. Jioni hiyo ukurasa uliandikwa moja na mtoto mwenyewe, akaunakili kutoka ukurasa wa zamani wa mama, mstari kwa mstari.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa. Viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyopiga miluzi, na mezani, juu ya kitambaa cheupe, Kombe la Utulivu. Mama alikaa safu ya pili. Alikuwa ameshona sare usiku uliopita, amebana kiuno kwa inchi ishirini na moja na nusu, na ilimkaa mtoto vizuri sana. Kila mzazi aliyepita alimsifia mkono wake, na kila sifa ilimchoma.

Mwalimu wa ushauri nasaha alieleza mafanikio. Mwanzoni mwa muhula wastani wa shule ulikuwa sita nukta nane; sasa ulikuwa moja nukta saba. Hakuna shule iliyowahi kupunguza msongo kwa kasi hiyo. Mkaguzi wa elimu aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Kisha Profesa akaitwa.

Alipanda jukwaani, akafungua daftari, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Leo nilihisi wasiwasi mdogo kuhusu hesabu za sehemu," alisoma, "lakini nilivuta pumzi ndefu, nikatazama nje..."

Sauti ilikuwa ndogo, imekauka. Wazazi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama alisikia maneno yake yanatoka mdomoni mwa mtoto wake, moja baada ya jingine, yote mazuri, yote ya uongo, na mtoto aliyasoma kwa uangalifu ili asikosee hata moja. Alipofika kwenye juhudi ni silaha yangu, mkono wa kushoto uliachia daftari ukapanda nyuma ya sikio.

Mama akasimama.

"Hayo ni maneno yangu."

Kipaza sauti kilipiga mluzi. Mwalimu akatabasamu kwa subira. "Mama, maswali tutachukua mwishoni."

"Sina swali. Hayo nimeyaandika mimi. Kurasa zote nimeandika mimi. Mwanangu aliandika tisa, akaandika tumbo linauma, wewe ukampa nne, mimi nikafuta." Akageukia safu za wazazi. "Amepungua inchi mbili na nusu kiunoni. Anang'oa nywele zake. Muhula mzima mtoto anaumwa, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake namwandikia kwamba hana kitu. Nataka ajue mbele ya watu wote kwamba aliyekosea si yeye."

Watu walitazama vidole vyao vya miguu. Mama Pacha alifungua mkoba wake, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Kutoka nyuma kabisa, baba mmoja alikohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Hata wa kwangu naandika mimi," halafu mke wake akamvuta shati akae.

Uso wa mwalimu ulikuwa wazi kama wa mtu yeyote aliyekamatwa, na kama angebaki hivyo dakika moja zaidi, pengine kitu cha maana kingetokea pale. Lakini alikuwa amehudhuria semina. Uso ukarudi, macho yakang'aa, akainua mikono yote miwili.

"Makofi kwa mama!" alisema. "Wazazi, mmeona? Mmeona ujasiri wa kueleza hisia? Hii ndiyo faida ya mpango wetu! Makofi tena!"

Wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kwa nafuu, kama watu walioambiwa kumbe moto haukuwa kwao. Mkaguzi aliandika na kupiga mistari miwili. Mwalimu, akiwa amepata moto, akatangaza papo hapo kwamba kutokana na mchango wa mama huyu, muhula ujao kutakuwa na Daftari la Msongo la Mzazi, mistari ishirini. Kombe likapewa darasa la sita vilevile, kwa sababu lilikuwa limeshachongwa jina.

Mama alipanda jukwaani makofi yakiendelea, akamshika Profesa mkono.

"Twende."

"Daftari, mama."

"Liache."

"Halijasainiwa."

"Liache, mwanangu."

Walitoka kwa mlango wa pembeni. Njiani mama alisema kwamba kesho asubuhi wangekwenda zahanati, yeye na baba na yeye Profesa, na huko angesema mwenyewe kila kinachomuuma, kwa maneno yake, hata yakiwa matatu. Profesa aliuliza kama kutakuwa na fomu. Mama alisema hajui.

Nyumbani, mama aligeuza kibao cha mlangoni kikasomeka "Pamefungwa", ingawa ilikuwa saa sita mchana na vizibao saba havikuwa na mifuko. Akatoa benchi kibarazani. Wakakaa. Barabarani mtu aliosha baiskeli yake kwa ndoo, polepole, akirudia ringi ambazo zilishatakata.

"Leo hufanyi kitu," alisema mama.

"Kitu gani nisifanye?"

"Chochote. Kaa tu. Tazama watu."

Profesa akakaa. Aliunganisha magoti, akaweka mikono juu yake, akanyoosha mgongo. Alimtazama mtu wa baiskeli, akamtazama paka aliyepita ukutani, akamtazama tena mtu wa baiskeli. Mkono wa kushoto ulinyanyuka kidogo, akaukalia. Mama alikaa karibu naye bila sindano, bila pini, bila kusema, na kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko vizibao arobaini. Muda ukapita. Mtu alimaliza baiskeli, akamwaga maji, akaondoka.

"Mama."

"Nini, mwanangu?"

"Nimepata ngapi?"

Kumi kwa kumi ilikuwa tayari kwenye ulimi wa mama. Nusura aitaje. Aliimeza, akamvuta mtoto, akamlaza kichwa mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Profesa alilala hivyo kwa adabu, hakutikisika, akisubiri matokeo.